Miezi Minne Bila Kitabu: Usomaji wa Likizo kwa Wahitimu wa Darasa la Saba

Mwanzoni mwa Septemba wanafunzi wa darasa la saba hufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na baada ya hapo hurejea nyumbani. Wanaochaguliwa kuendelea huanza kidato cha kwanza mwezi Januari. Kati ya tarehe hizo mbili hupita takriban miezi minne, na katika kipindi hicho mtoto hana mwalimu. Shule ya msingi imekwisha kumwaga. Shule ya sekondari haijampokea. Likizo ya Juni na ile ya Desemba ni fupi zikilinganishwa na pengo hili, ambalo katika mazungumzo ya wazazi halihesabiwi hata kuwa likizo.

Uzito wa jambo hili unatokana na lugha. Katika shule za msingi za Serikali masomo hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo mojawapo tu. Katika sekondari mambo hugeuka: Baiolojia, Jiografia na Hisabati hufundishwa kwa Kiingereza. Majuma ya mwanzo ya kidato cha kwanza hutengwa ili kumzoesha mwanafunzi lugha hiyo, lakini majuma hayo hayawezi kurudisha yaliyosahauliwa tangu Septemba na wakati huohuo kuongeza mapya. Mwaka unaofuata kuna upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili. Mtoto aliyeanza nyuma huufikia akiwa bado nyuma.

Katika Kata ya Chidya na vijiji vingine vya Masasi na Newala, miezi hiyo minne ndiyo pia miezi ya korosho. Watoto huokota, hukausha na kubeba. Wasichana hufuata maji, na juu ya uwanda wa Makonde safari ya maji si fupi. Mvua zinapoanza kunyesha, kazi ya shamba hufuata. Mpango wowote wa usomaji unaodai saa tatu kwa siku utashindwa kabla ya juma la kwanza kwisha. Nusu saa kabla ya jua kuchwa inatosha, mradi iwe ya kila siku na kitabu kiwepo.

Kuwepo kwa kitabu ndiko kunakopungua. Nchini Marekani watafiti Richard Allington na Anne McGill-Franzen waliwapa watoto wa familia maskini katika jimbo la Florida vitabu 12 kila likizo ndefu, kwa likizo 3 mfululizo. Watoto walichagua vitabu wenyewe, hawakupewa mwalimu wala mtihani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba walisoma vizuri kuliko wenzao wasiopewa vitabu. Nchini Uingereza, tangu mwaka 1999, maktaba za umma huwahimiza watoto kusoma vitabu 6 katika likizo yao kubwa. Huku kwetu hakuna mzazi wa kawaida anayeweza kununua vitabu 12, wala maktaba ya umma katika kila kijiji. Hata hivyo vitabu 6 si ndoto.

Hesabu yake ni hii. Shule yenye wahitimu 30 na vitabu 60 vya hadithi kabatini humwazima kila mmoja vitabu 2. Wahitimu hupangwa watatu watatu kwa vitongoji, ili wanaoishi jirani wawe kundi moja, na kila kundi hupewa vitabu 6 tofauti. Wanapomaliza hubadilishana. Kufikia Januari kila mmoja anaweza kuwa amesoma vyote 6.

Vitabu vya Kiswahili na vya Kiingereza vichanganywe. Hekaya za Abunuwasi na “Adili na Nduguze” cha Shaaban Robert humrudishia msomaji hamu. Kwa Kiingereza, “Hawa the Bus Driver” na “Mabala the Farmer” vya Richard Mabala vimetumika kwa miaka mingi katika vidato vya kwanza na vya pili. Sentensi zake ni fupi na maisha yanayosimuliwa ni ya Kitanzania. Mtoto aachwe achague. Anayelazimishwa kitabu kigumu kwa sababu kina heshima hukifunga ukurasa wa tatu.

Kinachowazuia walimu wengi si uvivu bali hofu ya kudaiwa. Kitabu ni mali ya Serikali, na kikipotea, aliyekabidhiwa ghala ndiye huulizwa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haifai iwe sababu ya kufunga kabati, kwa kuwa mchwa nao hawaombi ruhusa. Daftari la kuazima hulinda pande zote: jina la mwanafunzi, kitongoji, jina na namba ya kitabu, hali yake siku kinapotoka, na sahihi ya mzazi. Kamati ya Shule iridhie mapema, na iandikwe katika muhtasari wa kikao kwamba uchakavu wa kawaida si kosa. Kitabu kivikwe gazeti na kiwekwe katika mfuko wa nailoni wakati wa mvua.

Kuazima kufanyike siku chache kabla ya mtihani, wakati wazazi wanaitika wito wa shule. Kurejesha kufanyike siku ambayo wahitimu huja kuuliza shule walizopangiwa, kwani siku hiyo hakuna anayekosa. Anayehitaji kubaki na kitabu hadi Januari aandikishwe upya.

Mzazi asiyejua Kiingereza, au asiyesoma kabisa, ana nafasi yake. Amwombe mtoto amsomee ukurasa, kisha amsimulie kwa Kiswahili, Kimakonde, Kimakua au Kiyao. Anayeweza kusimulia ameelewa, anayebabaika arudie. Bibi na babu nao watoe hadithi zao, na mtoto aziandike. Hilo si geni: Askofu Edward Steere, aliyefika Masasi mwaka 1876, alikuwa amekwisha kuchapisha mwaka 1870 kitabu cha hadithi alizozikusanya kwa wasimulizi wa Zanzibar.

Shule zinazotaka kuanza mwaka huu zimwone Afisa Elimu Kata kabla ya mwisho wa Agosti, zikiwa na orodha ya vitabu vilivyopo na idadi ya wahitimu. Nakala ya daftari la kuazima ikabidhiwe kwa mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha kwanza Januari, ili ajue nani amesoma nini.