Kukosa Usingizi, na Tiba Isiyo Kidonge

Ndugu msomaji, je, usiku unalala, ama unahesabu misumari ya mabati? Watu wengi wa Goma huja kwetu wakisema, "Muganga, macho hayafungi." Hatushangai. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulitoa moto. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia ndani ya mji. Mtu anayesikia risasi hukesha, na kukesha huko si ugonjwa. Ni mwili unaomlinda. Lakini pengine hatari hupita, na macho hubaki wazi. Ukikosa usingizi mara tatu au zaidi kila juma, kwa miezi mitatu, nawe mchana huna nguvu, basi huo ni ugonjwa, nao una tiba.

Wengi hukimbilia kununua Valium pasipo ruhusa ya muganga. Kidonge hicho huleta usingizi kwa siku chache, kisha mwili hukizoea, na kimoja hakitoshi tena. Mzee aliyekimeza akiamka usiku huyumba na kuanguka. Lakini ukiwa umekitumia siku nyingi, usikiache ghafula. Uje tukipunguze polepole.

Mwaka 2016 chama cha waganga wa Marekani kiitwacho American College of Physicians kilishauri ya kwamba mtu mzima mwenye ugonjwa huu aanze kwa tiba ya mawazo na matendo, kabla ya vidonge. Siku hizi tiba hiyo hufundishwa hata kwa simu, kwa njia ya intaneti. Programu moja ya Uingereza, Sleepio, ina masomo sita. Mgonjwa hujibu maswali, huandika usingizi wake kila siku, na kupewa kazi ya kufanya. Lakini programu nyingi ni za Kiingereza, megabaiti huisha, na umeme hukatika. Basi, sikia mafundisho yenyewe; kwa mengi daftari na kalamu zinatosha.

Kwanza, andika. Kila asubuhi, kwa majuma mawili, andika saa uliyolala kitandani, saa ulizosinzia kwa kukadiri, na saa uliyoamka.

Pili, punguza saa za kitanda. Mtu hulala chini saa mbili ya usiku mpaka saa kumi na moja ya alfajiri, ndizo saa tisa, lakini asinzia saa sita tu. Basi aingie kitandani saa tano ya usiku, aamke saa kumi na moja, hata siku ya Jumapili. Mchana asilale. Usingizi ukijaza karibu saa zote sita, juma linalofuata aongeze robo saa. Asipunguze kamwe chini ya saa tano.

Tatu, kitanda ni cha kulala. Usipopata usingizi kwa muda wa dakika ishirini hivi, ondoka kitandani. Usitazame saa wala simu. Nyumba ikiwa ya chumba kimoja, keti mkekani penye taa ndogo, usitoke nje. Ukitaka kuomba, omba hapo. Rudi kope zikiwa nzito. Hivyo mwili hujifunza tena ya kwamba kitanda ni mahali pa usingizi, si mahali pa kuhangaika.

Nne, pima mawazo yako. Moyo husema, "Nisipolala leo, kesho nitaanguka." Je, ni kweli? Mara ngapi ulikesha, na kesho yake ukateka maji na kwenda sokoni? Ulichoka, lakini hukuanguka. Hofu ya kutolala ndiyo inayofukuza usingizi.

Tena, kahawa unywe asubuhi tu.

Juma la kwanza ni gumu, utasinzia mchana. Kwa hiyo dereva na mtu wa motari, mwenye kifafa, na yule ambaye akili yake hupanda na kushuka, wasianze kupunguza saa pasipo muganga. Na mtu anayekoroma na kukatika pumzi, au anayerudishiwa vita katika ndoto kila usiku, au anayefikiri kujiua, asingoje majuma mawili. Aje leo, hata pasipo daftari.

Wengine wote, leteni madaftari yenu. Tutahesabu pamoja.