Mgongo wa Dereva

Lami inakoma langoni. Kutoka Makuyuni, kupitia Mto wa Mbu na Karatu, gari la watalii linateleza juu ya barabara iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na abiria anaweza hata kusinzia. Baada ya Lango la Lodoare, safari ya kwenda Oldupai na Naabi kwa sehemu kubwa ni udongo, kona za msituni, kisha changarawe na vumbi la uwandani. Hapo dashibodi inaanza kulia, chupa za maji zinagongana, na dereva anawageukia wageni wake akitabasamu na kuwakaribisha kwenye masaji ya Kiafrika. Wageni hucheka. Watachuliwa hivyo siku tatu au nne, kisha watapanda ndege warudi kwao. Aliyewatania atapita hapohapo wiki ijayo, na msimu ujao, na akijaliwa, miaka kumi na tano ijayo.

Mtu akiulizwa kazi ya kuendesha watalii Ngorongoro ina hatari gani, atataja simba, nyati, au tembo dume wa msitu wa Lerai. Ni hatari za kweli, na madereva wanazijua vizuri kiasi cha kuziepuka. Ila dereva wa siku nyingi ukikaa naye Karatu jioni, malalamiko yake ni mengine: kiuno, shingo, ganzi inayoshuka mguuni hadi kwenye kidole gumba. Anayasema kama mtu anayesimulia mvi zake, jambo la umri tu. Ninaamini si la umri. Ni jeraha la kazini, linapimika, na kwa kiasi kikubwa linazuilika.

Tuanze na barabara yenyewe. Kila aliyeipita anayajua yale makunyanzi yaliyopangana kwa umbali karibu sawa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kama rasta za barabarani zisizo na mwisho. Wengi hulaumu malori, mvua au greda lililochelewa. Wanafizikia wamelichunguza jambo hili kwa makini kuliko tunavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Keith Mather, aliyekuwa Australia, alizungusha gurudumu dogo juu ya duara la mchanga akaona mawimbi yakijijenga yenyewe. Mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walirudia jaribio la aina hiyo kwa vipimo vya kisasa. Gurudumu lao lilikuwa gumu, halina springi wala shokapu, na mchanga ulikuwa mkavu na umesawazishwa. Mawimbi yakatokea vilevile. Gurudumu likikuta kinundu kidogo linaruka, linatua, linachimba, linasukuma mchanga mbele na kujenga kinundu kingine, na gurudumu linalofuata linaongezea palepale.

Kuna mwendo wa kizingiti: chini yake barabara hubaki laini, juu yake mawimbi huanza. Kwa gari la kawaida kizingiti hicho ni mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Hakuna gari la watalii litakalokwenda Serengeti kwa mwendo huo, na greda linachofanya ni kufuta ubao ili magari yaandike upya.

Sasa mweke dereva juu ya mawimbi hayo. Akienda kilomita 20 kwa saa na mawimbi yameachana kwa mita moja, kiti chake kitapigwa mara tano hadi sita kila sekunde. Kwa bahati mbaya, mwili wa mtu aliyekaa una namna yake ya kuitikia mtikisiko. Tumbo, kifua na uti wa mgongo vinaning'inia kama mzigo juu ya springi, na springi hiyo hupokea kwa pupa mitikisiko ya kati ya mara nne na nane kwa sekunde. Katika masafa hayo mwili haupunguzi kinachotoka kwenye kiti, unakikuza. Mtoto kwenye bembea anajua siri hiyo: msukumo mdogo ukija kwa wakati wake, bembea linapaa.

Dereva mzoefu amelitambua hili kwa makalio yake kabla ya maabara yoyote. Ndiyo maana anakanyaga mafuta. Kwa kilomita 70 kwa saa gari linaelea, matairi yanagusa migongo ya mawimbi tu, na mapigo yanakuwa ya haraka mno kwa mwili kuyafuata. Kiuno kinapata nafuu. Lakini tairi linaloelea halishiki barabara: breki zinachelewa, usukani unakuwa mwepesi, na pundamilia akikatiza pale uwandani hakuna cha kumzuia. Tunapomlaumu dereva kwa kukimbiza gari, tukumbuke kwamba barabara imemlazimisha kuchagua kati ya mgongo wake na usukani.

Kinachoumia ni nini hasa? Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna kisahani chenye ganda gumu la nyuzi na ute katikati. Kwa mtu mzima kisahani hicho hakina mishipa ya damu ndani yake. Chakula chake kinapenya polepole kutoka kwenye mifupa jirani, kama maji yanavyopanda kwenye sifongo. Mchana kutwa uzito wa mwili unakamua maji, usiku tukilala yanarudi, ndiyo maana mtu huamka asubuhi akiwa mrefu kwa sentimita moja au zaidi kuliko alivyolala. Saa tisa juu ya kiti kinachotikisika zinakamua zaidi, na misuli inayoshikilia mgongo inachoka na kuchelewa kuitika. Ongeza kazi ya pekee ya dereva huyu: anaendesha huku amegeuza shingo na kiuno kuwaeleza wageni habari za faru, halafu anainama kutafuta chui mtini. Mgongo uliosokotwa huku ukipigwa ni mgongo unaochanika upesi. Nyuzi za ganda zikichanika, ute hujitokeza na kugandamiza mshipa wa fahamu, na hapo ndipo ile ganzi ya mguuni inapoanzia.

Haya yana namba. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2631 kinaeleza namna ya kupima mtikisiko wa mwili mzima, na mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo kwamba mwajiri lazima achukue hatua mtikisiko wa siku ya saa nane ukifika mita 0.5 kwa sekunde mraba, na kwamba mfanyakazi asivuke 1.15 kabisa. Kinachovutia zaidi ni hesabu ya muda. Kiti kikitikisika kwa kiwango cha 1, dereva anafika kwenye alama ya kuchukua hatua baada ya saa mbili tu. Ukipunguza mtikisiko huo kwa nusu, muda wake hauongezeki mara mbili; unaongezeka mara nne, unafika saa nane. Kwa hiyo kila kinachopunguza pigo, hata kidogo, kinalipa kuliko kinavyoonekana: sponji mpya ya kiti, shokapu zilizobadilishwa kabla hazijafa, upepo wa matairi uliopunguzwa kiasi baada ya lami.

Kupima nako si anasa. Watafiti wa migodi Australia wameonyesha kwamba kihisi kidogo kilichomo ndani ya kifaa cha mfukoni, cha aina ile ile iliyo kwenye simu zetu, kinaweza kupima mtikisiko wa kiti kwa usahihi unaotosha kufanyia maamuzi. Simu hizo zimejaa Karatu nzima. Kampuni yenye magari kumi inaweza kujua ndani ya wiki moja ni gari lipi linamuumiza dereva wake na ni kipande kipi cha njia kinachoongoza.

Kukaa kwenyewe, hata bila mtikisiko, kuna gharama. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha ulinganisho wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva na makondakta waliishi maisha yanayofanana, lakini dereva alikaa karibu zamu nzima, na kondakta alipanda mamia ya vidato vya ngazi kwa siku. Madereva ndio waliougua zaidi maradhi ya moyo. Dereva wa Ngorongoro hana hata kituo cha basi cha kushukia, kwani ndani ya kreta kushuka garini kunaruhusiwa mahali pachache kama Ngoitokitok. Wengi hupunguza kunywa maji ili wasibanwe na haja njiani, katika jua na vumbi. Si uzembe, ni hesabu inayofanywa na mtu ambaye hana choo karibu.

Vumbi lenyewe linastahili makala yake. Sehemu kubwa ya tambarare hizi ni majivu ya volkano, na karibu na Oldupai kuna kile kilima cheusi cha mchanga unaohama, kinachosukumwa na upepo mita 17 hivi kila mwaka. Chembe kubwa za vumbi hukwama puani. Zile ndogo kuliko sehemu ya kumi ya unene wa unywele hupita hadi chini kabisa ya mapafu. Paa la gari liko wazi ili wageni waone, na dereva ndiye anayefuata nyuma ya vumbi la gari lililotangulia.

Halafu kuna mteremko. Kreta ina kina cha mita 600 hivi, na magari hushukia Seneto. Gari la tani tatu na mzigo wake likishuka kina hicho linapaswa kutoa nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji, ndoo mbili na nusu. Joto hilo lazima liende mahali. Dereva akishuka kwa kukanyaga breki, linaingia kwenye breki hadi zinanuka na kufeli. Akishuka kwa gia nzito, injini inalimeza. Madereva wa hapa wanalijua hili kama jina lao, na ndiyo maana sitaki kulifundisha. Ninachotaka kusema ni kwamba ujuzi wa mtu aliyechoka si ujuzi wa mtu aliyelala vizuri. Anayefika Karatu saa tatu usiku na kuondoka saa kumi na moja alfajiri anashuka Seneto na nusu ya akili yake.

Miteremko ya huku tunaijua kwa machungu. Asubuhi ya tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la wanafunzi wa darasa la saba kutoka Arusha, waliokuwa wakienda Karatu kwenye mtihani wa kujipima, lilitumbukia bondeni Rhotia. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Taifa lililia watoto, na lilipaswa kulia. Walimu wale wawili na dereva yule walikuwa kazini. Nadhani tulichelewa kulitaja hilo.

Vifo vya namna hiyo angalau vinahesabiwa. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba kazi inaua karibu watu milioni tatu kila mwaka, na kati yao takribani 330,000 tu ndio wanaokufa kwa ajali. Wengine, milioni 2.6, wanakufa kwa maradhi yaliyojengeka taratibu. Mgongo hauui, lakini uko upande huohuo wa daftari, upande wa mambo yasiyo na tarehe.

Tanzania haina upungufu wa sheria. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulianzishwa mwaka 2001, na sheria ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampime afya mfanyakazi anapoanza kazi, akiwa kazini, na anapoondoka. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, unalipia maradhi yatokanayo na kazi pamoja na ajali. Ugumu uko kwa dereva wa msimu, anayepigiwa simu kundi likija na kusahaulika mvua za masika zikianza. Nani atampima anapoondoka, wakati anaondoka kila wiki? Na nani atasema mgongo unamuuma mbele ya bosi mwenye madereva ishirini wanaongoja simu, au mbele ya mgeni ambaye bakshishi yake ndiyo ada ya shule?

Ujerumani imeyatambua maradhi ya visahani vya kiuno yatokanayo na miaka mingi ya kukaa juu ya kiti kinachotikisika kuwa maradhi ya kazi tangu mwaka 1993. Walifika hapo kwa sababu kuna watu walioweka kumbukumbu: miaka mingapi, gari gani, saa ngapi kwa siku. Mwaka 1700 daktari wa Kiitalia Bernardino Ramazzini aliwasihi madaktari wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Laiti swali hilo na jibu lake vingeandikwa kila dereva anapoingia hospitali za Karatu kuomba dawa ya maumivu. Baada ya miaka mitano tungekuwa na ushahidi ambao hakuna mwajiri angeweza kuukana.

Barabara ngumu ndiyo dawa kubwa, na hiyo inangoja bajeti na mjadala wa hifadhi. Nyingine hazingoji. Magari yanaporudi Karatu jioni, dereva hushuka, hufungua mlango wa nyuma na kuanza kuteremsha masanduku, kila moja kilo ishirini. Dakika ileile, visahani vyake vimekamuliwa na misuli bado imelala. Hakuna wakati mbaya zaidi wa kuinama na kunyanyua. Angetembea kwanza dakika tano kulizunguka gari, akikagua matairi kama afanyavyo kila jioni, hadi mgongo uamke. Masanduku yangengoja. Wageni wenyewe bado wako ndani, wanatafuta kofia zao chini ya viti.