Mtoto mwenye otisme ao mtoto otiste: tumuite namna gani?

Kila tarehe 2 Aprili, dunia inafanya siku ya kimataifa ya otisme. Siku hiyo, katika kipindi cha asubuhi, mimi ninayeandika habari hii nilisema ku mikro: "watoto wanaougua ugonjwa wa otisme". Kipindi hakijaisha, mama moja akapiga simu. Hakukasirika. Alisema tu: "Ndugu muandishi, mutoto yangu haiko mugonjwa. Iko na miaka tisa, hajalala hata siku moja ku hospitali. Iko otiste, basi. Ukisema ugonjwa, majirani wanakataza watoto yao kucheza naye, wanasema atawaambukiza."

Kisha kipindi, mwenzangu moja wa radio akaniambia kwamba hata hilo neno "otiste" halifai. Katika semina moja walimufundisha kusema "mtu anayeishi na otisme". Sasa nani anasema kweli, mama ao mwenzangu? Nilianza kutafuta, na nikaona kwamba watu wengi dunia nzima wanabishana juu ya jambo hilo.

Otisme ni kitu gani?

Mbele ya kuendelea, tuelewane. Otisme ni namna ubongo wa mtu unavyokomaa tofauti na wa wengine, tangu utoto. Mtoto anaweza kuchelewa kusema, ao asiseme kabisa. Anaweza kukosa kuangalia watu machoni, kurudilia tendo moja mara nyingi, kukasirika sana ukibadilisha desturi yake ya kila siku, ao kuziba masikio juu ya kelele ambayo wengine hawaisikie hata. Wengine wanasoma vizuri na kufanya kazi. Wengine wanahitaji mtu wa kuwasaidia maisha yao yote.

Otisme haiambukizi. Haitokani na chanjo, na haitokani na mama kukosa kumupenda mtoto. Munganga Leo Kanner, ku Baltimore kule Marekani, ndiye aliandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 wa namna hiyo. Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linahesabu kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kwa 127 alikuwa na otisme. Kwa hesabu hiyo, hata katika mitaa na vijiji vyetu wako, hata kama hakuna munganga aliyewapima.

Wanaosema "mtu" aje kwanza

Njia ya mwenzangu inatoka mbali. Mwaka 1974, ku jimbo la Oregon kule Marekani, watu wenye ulemavu wa akili walifanya mukutano wao. Walichoka kuitwa kwa jina la ulemavu wao, kama vile hawana kitu kingine. Walitaka wajulikane kwanza kuwa ni watu. Ndiyo maana kikundi chao kilijiita People First, maana yake watu kwanza. Mwaka 1983, ku Denver, watu waliokuwa na sida nao walikataa kuitwa wahanga. Hapa kwetu tulifwata njia hiyo: leo kila mtu anajua PVV, watu wanaoishi na virusi vya sida.

Sheria za Congo nazo ziko upande huo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inasema juu ya mtu mwenye ulemavu. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za "personne vivant avec handicap", mtu anayeishi na ulemavu, wale tunaowaita PVH. Kwa hiyo mwenzangu hakusema uongo. Wazazi wengi pia wanapenda njia hiyo. Wanasema: mtoto wangu anapenda muziki, anapenda ndizi, anamupenda dada yake, otisme ni kitu kimoja tu kati ya vingi.

Wanaosema "niite otiste"

Lakini kuna watu wazima wenye otisme wanaoikataa njia hiyo. Anayejulikana zaidi ni Jim Sinclair, wa Marekani, ambaye mwenyewe ni otiste. Mwaka 1999 aliandika kueleza sababu zake. Kwa kifupi: ukisema "mtu mwenye otisme" ao "anayeishi na otisme", unafanya kama vile otisme ni muzigo anaoubeba, ambao anaweza kuutua chini abakie mtu yuleyule. Kwake si hivyo. Otisme iko katika namna anavyosikia, anavyofikiri na anavyopenda. Ukiiondoa, anayebaki ni mtu mwingine.

Tuchukue mufano wa hapa kwetu. Hakuna anayesema "mtu anayeishi na Ushi" ao "mtu mwenye Unande". Tunasema Mushi, Munande, basi, sababu hatuoni kitu cha haya ndani yake. Kile tunachokitenga na mtu, mara nyingi ni kile tunachokiona kibaya.

Mwaka 2016, watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya uchunguzi waliofanya kwa watu 3470: wenye otisme, wazazi, ndugu, na watu wa kazi kama vile waganga na walimu. Karibu nusu ya watu wa kazi walipenda "mtu mwenye otisme". Lakini kati ya wenye otisme wenyewe na wazazi, waliopenda neno hilo walikuwa wachache zaidi. Wengi wao walikubali "otiste". Na hakuna jina moja ambalo watu wote walilikubali.

Jambo hilo halihusu otisme peke yake. Tanzania, majirani zetu, kuna Chama cha Viziwi Tanzania: viziwi wenyewe wamechukua jina hilo bila haya. Lakini kuna pia Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania, ambao wameweka "watu" mbele. Inchi moja, luga moja, na kila kikundi kimejichagulia.

Na katika Kiswahili chetu?

Hapa ndipo tusinunue mabishano ya wengine muzima muzima. Katika Kiswahili neno "mwenye" halisukumi kitu mbali na mtu. Mwenye nyumba, mwenye akili, mwenye imani: vyote ni vyake. Kwa hiyo "mtoto mwenye otisme" inaweza kupita vizuri masikioni mwa pande zote mbili. Watanzania na Wakenya wanasema "mwenye usonji", na ni jambo lilelile.

Kwetu shida kubwa iko kwa maneno mengine. Kusema "mgonjwa" kunaleta woga wa kuambukizwa, ndivyo mama yule alivyonifundisha. "Anateseka na otisme" unamuhukumu mtu kabla hujamuuliza. "Kichaa" na "mujinga" ni matusi. Na neno baya kupita yote ni "mchawi". Mtoto asiyesema, anayecheka peke yake ao kulia usiku, anaweza kupelekwa kwa maombi ya kufunga chakula, kupigwa, hata kufukuzwa nyumbani juu ya neno hilo moja. Katiba yetu, kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mtoto uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inatoa kwa kosa hilo kifungo cha mwaka moja hadi mitatu.

Tena fikiria kijana asiyejibu akiulizwa jina lake ku barriere. Askari anaweza kudhani anamuzarau. Kama mama ana neno fupi na lenye kueleweka, "mtoto huyu ni otiste, hawezi kujibu", pengine watapita kwa amani. Kwa hiyo tusiogope kulitaja neno lenyewe. Kuficha otisme hakumulindi mtoto.

Basi tufanye nini?

La kwanza, muulize mtu mwenyewe anapenda aitwe namna gani, na ufwate jibu lake. Kama hasemi, uliza wazazi wake ao wale wanaomulea, lakini ukumbuke kwamba mtu asiyesema kwa kinywa anaweza kusikia yote unayoyasema juu yake. La pili, kama hakuna wa kuuliza, sema "mwenye otisme". La tatu, kama jina lake linatosha, mutaje kwa jina lake. Otisme itajwe pale inaposaidia watu kuelewa habari.

Mimi nilimurudilia mama yule ku simu, nikamuomba msamaha. Kwa mtoto wake nitasema otiste, sababu ndivyo wanavyosema nyumbani kwao. Kwa wengine nitauliza kwanza. Na kama wewe unayesoma ni mtu mzima mwenye otisme, ao otiste, mlango wa studio uko wazi. Kufika leo, ku radio yetu, ni wengine tu ndio wamesema kwa jina lako.