Bei ya Ramani Moja

Je, wajua kwamba Usukumani umati umetumika kama kipimo tangu karne ya 19? Baada ya mavuno, Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyotokana na waganga Ngika na Gumha, hukutana uwanjani. Pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wako huru kuhama. Upande uliovuta watu wengi ndio mshindi. Huko Kasoli, wilayani Bariadi, kwenye mashamba ya pamba, hilo halihitaji kuelezwa. Linalohitaji kuelezwa ni ndugu yake wa mtandaoni: soko la ubashiri.

Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilifungua soko la namna hiyo mwaka 1988 kwa ajili ya uchaguzi wa rais. Leo katika masoko kama Polymarket, lililoanzishwa mwaka 2020, watu hununua na kuuza ubashiri wa mechi za michezo ya kompyuta, hadi ramani moja moja.

Ramani ni uwanja wa vita wa kubuni. Katika mchezo wa Counter-Strike kuna Mirage, Nuke, Inferno na nyinginezo, kila moja na vichochoro vyake. Timu ina wachezaji watano. Tangu toleo la mwaka 2023, anayetangulia kupata raundi 13 ndiye mshindi wa ramani, isipokuwa wakifungana 12 kwa 12. Mechi kubwa nyingi huamuliwa kwa ramani tatu, na anayetwaa mbili amemaliza kazi.

Sasa chukua hati inayolipa shilingi 1,000 timu fulani ikishinda ramani ya pili, na isiyolipa kitu ikishindwa. Ikiuzwa kwa 600, umati unasema uwezekano ni asilimia 60. Hapa ndipo inapoachana na mkeka tuliouzoea. Kampuni ya kubeti hupanga odi yenyewe na kuweka faida yake humo humo. Sokoni, anayetoa 600 lazima apate mwenzake anayeamini kinyume na kutoa 400.

Utamu uko kwenye hesabu. Timu yenye asilimia 60 katika kila ramani haina asilimia 60 ya kushinda mechi. Ina 36 za kushinda mbili mfululizo, na 28.8 za kushinda mbili kwa moja, jumla 64.8. Bei ya mechi ikienda njia yake na bei za ramani njia yao, wajuzi wa hesabu huingia kununua ya rahisi na kuuza ya ghali mpaka zipatane. Isitoshe, ramani hazilingani. Kabla ya mechi timu hupokezana kukataa na kuchagua, na timu iliyobobea Nuke ikiona Nuke imeondolewa, bei hutikisika kabla hata risasi moja haijapigwa. Napenda sana dakika hizo, kwa sababu maarifa ya wafuatiliaji wa kweli huonekana wazi kama tarakimu.

Lakini ramani moja ina wanunuzi wachache, na ni rahisi timu kuiuza kwa siri, yaani kupoteza makusudi. Ngomani, waganga walitumia dawa za mvuto kuwavuta watazamaji, ila umati wenyewe ndio uliokuwa hukumu: waliohama walihama kweli. Sokoni umati unakisia tu, na matokeo yako mikononi mwa watu kumi. Agosti 2014, wakati dau likiwekwa kwa mapambo ya silaha za mchezoni, timu ya iBUYPOWER iliyopewa nafasi kubwa iliangushwa 16 kwa 4 na NetCodeGuides.com. Januari 2015 kampuni ya Valve, mmiliki wa mchezo huo, iliwafungia watu saba kwa kuuza mechi hiyo. Kilichowaumbua si uchezaji wao: Valve ilieleza kwamba mapambo mengi ya thamani, yaliyopatikana kwa kubashiri mechi hiyo, yalikuwa yamehamishiwa kwa wachezaji wa iBUYPOWER.