Mshale Unasoma 50, Gari Linakwenda Ngapi?

Gari dogo linatoka Mbinga na kuingia eneo la makazi karibu na Peramiho, penye kibao cha 50. Mshale wa spidi mita uko kwenye 54. Abiria wa mbele amefungua ramani kwenye simu, nayo inaonyesha 51. Mbele kidogo askari wa usalama barabarani wanalipiga tochi ya kupima mwendo, na tochi inasoma 50. Gari ni lilelile na barabara ni ileile, lakini namba ni tatu. Madereva wengi wameshalizoea jambo hili na wamelitungia hesabu yao: spidi mita inazidisha, kwa hiyo ukiona 55 jua uko 50. Hesabu hiyo ndiyo inayonisumbua. Kwa magari mengi tunayoendesha Ruvuma haina uhakika, na kwa baadhi yake imegeuka kabisa.

Enzi za vumbi na makorongo swali hili lilikuwa dogo, maana barabara yenyewe ndiyo iliyompangia dereva mwendo. Leo kuna lami. Kipande cha Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, kilijengwa kwa fedha za Marekani kupitia mfuko wa MCC, na mtu anaweza kukanyaga mafuta kwa muda mrefu bila kukutana na shimo. Huku kwenye lami, tofauti ya kilomita tano kwa saa ina uzito.

Tuanze na kifaa chenyewe. Spidi mita haijui chochote kuhusu barabara. Inachojua ni mizunguko tu. Katika magari ya zamani kuna waya unaozunguka ndani ya mpira wake, kutoka kwenye giaboksi hadi nyuma ya dashibodi. Mwisho wa waya huo kuna sumaku inayozunguka karibu na kikombe chembamba cha alumini. Alumini hainaswi na sumaku, ila sumaku inayozunguka huzalisha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo hukivuta kikombe kifuate mzunguko. Springi nyembamba inakizuia, na mshale unasimama pale ambapo mvuto na springi vimelingana nguvu. Ubunifu huu ulisajiliwa Ujerumani na Otto Schulze mwaka 1902, na ulidumu kwenye magari karibu karne nzima. Springi ikilegea kwa uzee, au sumaku ikipungua nguvu, namba hubadilika bila dereva kuona chochote.

Magari ya sasa hayana waya huo. Sensa kwenye giaboksi au kwenye magurudumu huhesabu mapigo, na kompyuta huzidisha idadi ya mapigo kwa mzingo wa tairi ulioandikwa kiwandani. Ni kama mtu anayepima shamba kwa hatua: kuhesabu anaweza kuhesabu vizuri sana, lakini kama urefu wa hatua si ule aliodhani, ekari zote zitakosewa.

Mtengenezaji anajua kwamba hatua hiyo itabadilika. Tairi jipya lina kina cha takriban milimita 8 za kashata, na likifika milimita 1.6 linahesabika limekwisha. Kwa tairi la 195/65R15, ulaji huo unapunguza nusu kipenyo kwa kama asilimia 2. Tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita ileile, hivyo mshale unasoma juu ya mwendo halisi. Upepo pungufu nao unachangia kidogo. Kwa kuwa hawezi kuyadhibiti hayo yote, mtengenezaji anachagua kosa lielemee upande mmoja.

Upande huo umewekwa na sheria. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi zinazotengeneza magari, inasema spidi mita isisome kamwe chini ya mwendo halisi. Juu inaruhusiwa, lakini isizidi asilimia 10 ya mwendo halisi ukijumlisha kilomita 4. Gari linalokwenda 50 hasa linaweza kuonyesha chochote kati ya 50 na 59. Likienda 80, mshale unaweza kufika 92 bila kosa lolote la kiwanda. Kwa hiyo magari mawili mapya kabisa yanayofuatana kwa mwendo mmoja yanaweza kusoma namba tofauti, na yote mawili yakawa sahihi mbele ya kanuni.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanachukua "inazidisha" kama sifa ya kila gari, ilhali kanuni inataja mipaka tu, haitaji kiasi. Gari lako linaweza kuwa limezidisha kilomita 5, 2 au sifuri.

Halafu kuna asili ya magari yetu. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayopita Songea yalianzia maisha Japani. Ukaguzi wa lazima wa huko huliweka gari kwenye mashine hadi mshale usome 40, kisha mashine hupima mwendo halisi wa magurudumu. Kwa magari yaliyotengenezwa hadi mwisho wa 2006, mwendo halisi ungeweza kuwa kati ya kama 31 na 44, na gari likapita. Kwa yaliyotengenezwa kuanzia 2007 ukomo wa juu ulishushwa hadi takriban 42 na nusu. Soma tena namba hizo: gari lenye mshale kwenye 40 lingeweza kuwa linakwenda 44 na bado likafaulu. Tunayaendesha mengi ya umri huo, na mwenye gari la namna hiyo hana haki ya kudhani kwamba mshale wake unamzidishia.

Hata hivyo, kinachoharibu zaidi hapa kwetu ni tairi tulizobadilisha wenyewe. Barabara za vijijini zinataka gari lililoinuka, na njia rahisi ya kuliinua ni tairi kubwa. Chukua gari la juu lililotoka kiwandani na tairi za 265/70R16, zenye kipenyo cha milimita 777. Mwenye gari anaweka 285/75R16, zenye milimita 834. Ongezeko ni zaidi ya asilimia 7. Tuseme spidi mita ya kiwandani ilikuwa inazidisha kwa asilimia 3. Sasa mshale ukisoma 50, gari linakwenda 52. Na yule wa hesabu ya "55 ni sawa na 50" anakwenda 57. Nishati ambayo breki zake zinapaswa kuimaliza akimwona mtoto barabarani imezidi ile ya mwendo wa 50 kwa asilimia 31 hivi, kwa sababu nishati hukua kwa mraba wa mwendo. Na barabara hii ya Mbinga ndiyo wanayopita wagonjwa na ndugu zao kwenda Hospitali ya Mtakatifu Yosefu pale Peramiho, wengine kwa miguu, wengine wamepakizwa kwenye bodaboda. Sioni namna ya kulichukulia jambo hili kwa wepesi.

Tairi hizo huvuruga na hesabu ya kilomita. Gari likitembea kilomita 100, kihesabio kinaandika kama 93. Mwenye gari analalamika kwamba linakula mafuta, kumbe kilomita zimefichwa. Oili iliyopangwa kumwagwa kila kilomita 5,000 inamwagwa baada ya karibu 5,370.

Vipi kuhusu simu? Setilaiti za GPS ziko kilomita zipatazo 20,200 juu yetu, na kipokezi kizuri hupima badiliko dogo la masafa ya mawimbi linalotokana na mwendo wa gari. Ukienda mwendo mmoja, mahali pa wazi, simu huwa sahihi kuliko dashibodi. Ukiongeza au kupunguza mwendo ghafla, inachelewa. Chini ya miti mizito inayumba. Vilima vya Umatengo, upande wa Mbinga, vinaipunguzia kidogo sana: pale inapohesabu mwendo wa mlalo tu, mteremko wa asilimia 10 huleta kosa la nusu asilimia. Vifaa vya kufuatilia mabasi vinavyosimamiwa na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, hutumia setilaiti hizohizo, ndiyo maana dereva wa basi na mfumo huo wanaweza kutofautiana bila yeyote kusema uongo.

Tochi nayo ina tabia yake. Askari akisimama pembeni, inapima ule mwendo tu unaomwelekea yeye. Pembe ikifika nyuzi 20, gari la 80 linasomeka 75. Kwa askari aliyesimama, kosa hilo humpunguzia dereva, halimwongezei.

Kuijua spidi mita yako hakuhitaji mashine. Chagua kipande kilichonyooka chenye vibao vya kilomita, muda ambao magari ni machache. Shika 60 kwenye mshale bila kubadilisha, na abiria atumie saa ya simu kupima muda wa kilomita tano. Mwendo wa 60 kamili unataka sekunde 300. Zikifika 315, ulikuwa unakwenda 57. Zikiwa 290, ulikuwa 62, na mshale unakupunguzia. Hapo punguza mwendo kuanzia siku hiyo hadi fundi atakapolishughulikia. Rudia kipimo kila unapobadilisha saizi ya tairi.

Mshale ukiwa unachezacheza mwendo ukiwa mmoja, mara nyingi ni waya umekauka au unakaribia kukatika. Ukianguka sifuri na kurudi, anza na sensa na plagi yake. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda waya hutoka gurudumu la mbele. Ukikatika wengi huuacha hivyohivyo, na dereva anabaki kukisia mwendo kwa mlio wa injini. Ni waya wa bei ndogo, na kuubadilisha hakuchukui muda mrefu.