Kusoma mbegu kutoka ndani

Tangu 2013 kuko masomo kule Nairobi ambamo watafiti wa mbegu kutoka nchi nyingi za Afrika wanajifunza kusoma ADN, ni kusema maagizo ya urithi yaliyo ndani ya mumea. Wanashughulikia mimea 101 ya chakula chetu iliyosahauliwa; lengalenga ni mumojawapo.

Faida gani? Kwa kipande cha jani changa, mutafiti anaweza kuona kama muche una alama ya sifa anayotafuta, mufano kuvumilia ugonjwa, bila kungoja mavuno.

Lakini kusoma hakuleti sifa mpya. Sifa inatafutwa katika mbegu zilizoko. Basi mukipokea mbegu mpya, musitupe ile ya wazee: muikaushe vizuri, mutenge kila aina, muandike jina lake.