Sumu, au Ubabe wa Angani?

Mnamo Februari 2008, manowari ya Marekani, USS Lake Erie, iliitungua kwa kombora setilaiti ya kijasusi, USA-193, iliyoharibika punde baada ya kurushwa Desemba 2006. Serikali ya Rais Bush ilieleza kwamba tangi lake lilikuwa na takribani kilo 450 za haidrazini, mafuta yenye sumu. Hivyo ilibidi watu walindwe. Sumu ilikuwako, sikatai. Lakini Skylab, yenye uzito wa zaidi ya tani 70, iliachwa ianguke mwaka wa 1979. Vipande vyake vikatapakaa Australia bila kumjeruhi mtu. Isitoshe, Januari 2007 Uchina ilikuwa imeitungua setilaiti yake yenyewe. Pentagon ilikana kwamba ilikuwa ikijaribu silaha. Ajabu iliyoje basi, huruma hiyo kuzuka mwaka mmoja tu baada ya mpinzani kuonyesha ubabe wake!